Chuma kilichojificha ndani ya pistoni

Puli ilirudi karakanani kwangu ikiwa vipande vitatu ndani ya kiroba. Mzee aliyeileta ana mashine ya kukamua mawese katika kijiji kimoja cha mwambao wa ziwa, si mbali sana na Ujiji, na mimi ndiye niliyemsubia puli hiyo, yaani gurudumu la mkanda, kwa kumimina metali iliyoyeyuka kwenye kalibu, miezi miwili kabla, kwa alumini ya vyuma chakavu na kwa bei tuliyokubaliana bila kuvutana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye benchi, akavitoa vipande kimoja kimoja na kuvipanga mbele yangu. “Kijana wangu,” akasema, “uliniuzia chuma au chungu?” Hakusema kwa hasira. Puli ilipasuka mashine ikiwa katikati ya kazi, mkanda ukaruka, na chikichi zilizokwisha kuchemshwa zikalala hadi kesho yake. Namshukuru Mungu kwamba hapakuwa na mtu upande ule ulikorukia mkanda.

Nilichukua kipande kimoja nikatoka nacho nje kwenye mwanga. Alumini nzuri ikivunjika huonyesha uso wa kijivu wenye chembe ndogo kama za sukari, na kingo zake huwa zimevutika kidogo kabla ya kuachana. Hii haikuvutika hata kidogo. Uso wake ulikuwa umejaa vibapa vidogo vinavyometameta, kila kimoja kikirudisha mwanga kwa upande wake kadiri nilivyokigeuza kipande, mfano wa magamba ya migebuka yaliyomwagika juani. Mpasuko ulikuwa umeanzia kwenye mkono mmoja wa puli, karibu na tundu la shafti, ukafuata vibapa hivyo kimoja baada ya kingine kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Vibapa hivyo ni kazi ya chuma. Alumini ikiwa kimiminika hukipokea chuma kwa wingi, lakini ikiganda hubaki na nafasi ndogo mno: kiwango cha juu ambacho alumini ngumu inaweza kukibeba ndani yake ni takriban asilimia 0.05. Kinachozidi hapo hufukuzwa kadiri metali inavyoganda, na katika alumini ya injini, ambayo ina silikoni nyingi, chuma hicho hushikana na silikoni pamoja na alumini yenyewe na kujenga sahani nyembamba zilizo ngumu na zisizo na unyumbufu wowote. Ukizikata na kuzitazama kwa hadubini utaona kama sindano, lakini hizo ni kingo tu za sahani. Sahani hizo hudhuru mara mbili. Kwanza, nguvu ikija hazipindi, hupasuka, na ufa huendelea kutoka sahani moja hadi nyingine. Pili, huziba njia ambazo alumini iliyo bado kimiminika ingepitia ili kujaza nafasi zinazobaki metali inaponywea, na kwa sababu hiyo kitu kilichosubiwa hujaa vitundu ndani ingawa nje kinang’aa. Kalibu ya mchanga, ambayo ndiyo tunayotumia sisi, huongeza tatizo kwa kuwa metali hupoa polepole ndani yake, na sahani hupata muda wa kukua. Kalibu ya chuma huipoza haraka, na sahani hubaki ndogo.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: chuma kile kiliingiaje? Sikuwa mzembe. Kila kipande cha chakavu nilikipitishia sumaku, nikatoa ringi, pini, bolti na kila kilichoshikwa. Alumini yote ya puli ile ilitokana na pistoni za malori, ambazo kwa kawaida ni malighafi nzuri kwetu kwa sababu zina silikoni yapata asilimia 12, huyeyuka upesi na kujaza kalibu vizuri.

Jibu nililikuta kwenye rundo la takataka nyuma ya tanuri, mahali ninapomwaga masalia ya chini ya mtungi wa kuyeyushia. Kulikuwa na pete nne za metali, nyeusi, zilizolika. Nilizisugua kwa brashi ya waya, nikazisogezea sumaku, na sumaku haikuzishika. Nikachukua pistoni nyingine ya aina ile ile, nikaikata kwa msumeno kwenye mfereji wa ringi ya juu, na ndani ya alumini nikaiona pete ya metali nyingine, imekaa humo tangu kiwandani. Watengenezaji wa pistoni za dizeli huiweka pale ili mfereji wa ringi ya juu usilike mapema, nao hutumia chuma cha kusubu kilichochanganywa na nikeli nyingi, yapata asilimia 15, kwa kuwa chuma hicho hutanuka kwa joto karibu sawa na alumini na hivyo hakiachani nayo. Nikeli hiyo hiyo ndiyo inayokifanya chuma kisishikwe na sumaku. Ni hivyo hivyo kwa aina nyingi za chuma kisichoshika kutu, kile cha masinki na vijiko. Mtu anayetegemea sumaku peke yake atapitisha vyote viwili.

Niliipima pete nzima niliyoitoa kwenye pistoni isiyopikwa: gramu 140. Zile za takataka zilikuwa na wastani wa gramu 85. Maana yake kila pete ilipoteza gramu 55 ndani ya mtungi, na pete nne zilipoteza gramu 220. Tukitoa nikeli na shaba iliyomo humo, chuma peke yake ni kama gramu 160, na ndani ya kilo 20 za alumini hiyo ni asilimia 0.8, bila kuhesabu chuma ambacho pistoni zenyewe huwa nacho tangu zilipotengenezwa. Kwa puli inayovutwa na mkanda kutwa nzima, hicho ni kingi mno.

Hapa nataka nieleze jambo ambalo mafundi wenzangu wengi, na mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa, tumelichukulia kinyume. Tunajua alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi na chuma kwenye nyuzi 1,538, kwa hiyo tunajiambia kwamba chuma kikianguka mtungini kiko salama, hakitayeyuka, tutakiopoa mwishoni. Ni kweli hakitayeyuka, lakini kitamumunyika. Chumvi nayo haiyeyuki kwa joto la maji ya kunywa, ila ukiitia kwenye kikombe inatoweka. Alumini ya moto ni kama maji hayo. Kwenye nyuzi 700 inaweza kubeba chuma zaidi ya asilimia 2, na kadiri unavyozidisha moto ndivyo inavyokila upesi zaidi.

Likishaelewa hilo, jicho linaanza kuona chuma kila mahali. Mtungi wangu wa kuyeyushia ulikuwa ni mtungi wa gesi uliokatwa, wa chuma kitupu, na siku ulipotoboka nililaumu makaa. Chuma kile hakikwenda kwenye makaa. Kilikwenda kwenye sufuria, puli na vifuniko nilivyowauzia watu. Mwiko wa kukorogea ulikuwa kipande cha nondo kilichokuwa kikifupika mwezi hadi mwezi. Hata kutu ina hatari yake, kwa sababu alumini huipenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda, hivyo ikikutana na kutu huinyang’anya oksijeni na kukiacha chuma kikiwa huru. Mafundi wa reli hutumia tabia hiyo hiyo kuunga reli: unga wa alumini na unga wa oksidi ya chuma huwashwa pamoja, alumini hutwaa oksijeni, na chuma kilichoyeyuka hutiririka kwenye maungio. Hans Goldschmidt wa Ujerumani aliipatia njia hiyo hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1895. Kinachosaidia relini kinatudhuru karakanani, maana kila gamba la kutu linalodondoka mtungini ni chuma kilichoongezwa kwenye mchanganyiko.

Ndiyo sababu moto hauwezi kuiondolea alumini chuma, na hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kazi yote ya kusafisha metali. Moto na hewa huchoma kwanza kile kinachoipenda oksijeni zaidi. Masonara wa kale walisafisha dhahabu na fedha kwa kuziyeyusha pamoja na risasi kwenye kikombe cha majivu ya mifupa. Risasi iliungua, ikaungana na metali nyingine duni na kuzama nazo majivuni, na dhahabu ikabaki kwa sababu haina haja na oksijeni. Henry Bessemer, mwaka 1856, aliwaonyesha Waingereza kwamba hewa ikipulizwa ndani ya chuma kilichoyeyuka huchoma kaboni, silikoni na manganizi kabla ya kukimaliza chuma. Lakini jaribu kutoa shaba kwenye chuma kwa njia hiyo: chuma kitaungua na shaba itabaki, kwa kuwa shaba haiipendi oksijeni kama chuma kinavyoipenda. Kwa hiyo mota yenye nyaya zake za shaba ikitupwa nzima kwenye tanuri la vyuma chakavu, shaba hiyo itakwenda na chuma kila kitakapokwenda, na ikizidi robo ya asilimia au hivi, chuma kinapofinyangwa kikiwa chekundu huanza kupasuka juu ya uso. Alumini iko upande mbaya zaidi kuliko zote, kwa sababu karibu kila metali tunayoichanganya nayo kwa bahati mbaya, iwe chuma, shaba, zinki au risasi, inaipenda oksijeni kidogo kuliko yenyewe. Ukipuliza hewa utaichoma alumini na kubakiza uchafu. Magnesi ndiyo moja kati ya chache zinazotangulia kuungua.

Umeme unaweza. Shaba ya Katanga, ambayo imekuwa ikipita bandari ya Kigoma tangu enzi za Wabelgiji, inaweza kusafishwa kwa njia aliyoipatia hataza James Elkington mwaka 1865: bamba la shaba chafu hutumbukizwa kwenye maji yenye tindikali, umeme hupitishwa, shaba huhama kutoka bamba hilo hadi bamba safi, na metali nyingine hubaki majini au kuanguka chini kama tope, ambalo mara nyingi lina fedha na dhahabu. Shaba inayopatikana hufikia asilimia 99.99. Kwa alumini kuna mitambo inayofanana na hiyo kwa wazo, ila hufanya kazi kwenye metali iliyoyeyuka na hula umeme mwingi kiasi kwamba karakana kama yangu haiwezi hata kuiwazia.

Basi yamebaki mambo matatu ambayo fundi wa Kigoma anaweza kuyafanya, na sasa nayafanya yote.

La kwanza ndilo lenye faida kubwa. Nimejenga kwa matofali na udongo wa kichuguu tanuri dogo lenye sakafu ya mteremko, kama kiganja kilichoinamishwa. Pistoni nazipanga juu, moto naupandisha taratibu, na alumini yake, ambayo huanza kulainika kabla ya nyuzi 600, hutiririka yenyewe hadi kwenye chombo kilicho chini. Pete, pini na chochote cha chuma hubaki juu ya mteremko kikiwa kikavu. Siri iko kwenye muda na joto: alumini haipewi nafasi ya kukaa pamoja na chuma na kukila. Pete ninazozitoa huko sasa zina gramu 137 au 138. Mtungi wa kuyeyushia nao naupaka ndani tabaka mbili za chokaa iliyochanganywa na udongo laini, nikiukausha vizuri juu ya makaa kabla ya kuutumia, kwa sababu unyevu uliofunikwa na alumini ya moto hulipuka na kurusha metali usoni mwa mtu. Mwiko naupaka vivyo hivyo.

La pili ni kutumia metali moja kuitiisha nyingine. Manganizi ikiwapo kwa kiasi cha nusu ya chuma, zile sahani hazijengeki. Chuma hukusanyika katika vifundo vyenye matawi, ambavyo havipasui metali kwa urahisi kama sahani. Makopo ya vinywaji yana manganizi yapata asilimia 1 katika kiwiliwili chake, na kwa hesabu hiyo gramu 160 za chuma zingehitaji gramu 80 za manganizi, yaani kama kilo 8 za makopo. Ni makopo mengi, nayo huungua sana kwa wembamba wake na yana chuma chake kidogo. Ila yana msaada mwingine. Mchanganyiko wenye chuma na manganizi ukiachwa utulie ukiwa umepoa karibu na kuganda, vifundo hivyo huanza kuumbika, na kwa kuwa ni vizito kuliko alumini huzama. Namimina kwa upole sehemu ya juu na kuacha vidole viwili vya chini. Masalia hayo yakipoa ni magumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake. Alumini inayopotea hapo inaniuma, lakini chuma kingi nacho kimebaki humo.

La tatu ni kuzimua. Vipande vya mafundi wa madirisha ya alumini vina chuma kidogo, na kilo 10 zenye asilimia 0.3 zikichanganywa na kilo 10 zenye asilimia 1.5 hutoa kilo 20 zenye asilimia 0.9. Hakuna kilichoondolewa, kimegawanywa tu, na vipande safi nimevitumia kufunika kosa la vichafu. Nafanya hivyo pale ninapokosa njia nyingine.

Kuhusu chumvi lazima niseme, maana kila fundi niliyejifunza kwake alitupia konzi ya chumvi ya Uvinza juu ya alumini iliyoyeyuka na kusema inatoa uchafu. Chumvi ya Uvinza imeliwa na kusafirishwa katika nchi hizi kwa zaidi ya miaka elfu na ninaiheshimu kama kila mtu wa huku anavyoiheshimu. Inasaidia jambo moja: hufunika uso na kutenganisha alumini na ngozi ya oksidi, ili taka tunazozikwangua juu zisiondoke na metali nzuri. Hata hapo, chumvi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 801, juu ya joto tunalopaswa kutumia, na ndiyo sababu viwandani huichanganya na kloridi ya potasiamu ili iyeyuke mapema. Lakini chuma kilichokwisha kumumunyika hakiguswi na chumvi. Wala risasi.

Risasi ndiyo inayonifanya nisisubie tena sufuria za kupikia kutokana na chakavu cha mchanganyiko. Inaingia kwa rangi za zamani, kwa vipande vya betri na kwa lehemu za redio na mitambo ya umeme. Nyingi huzama chini kwa uzito, ila kiasi kidogo hubaki ndani ya metali, na sufuria ikipikiwa nyanya, ukwaju au ndimu, tindikali huitoa kidogo kidogo hadi kwenye chakula. Mwaka 2014 watafiti walichapisha vipimo vya sufuria za namna hii kutoka Kameruni na wakaikuta risasi ikitoka kwenye chakula cha majaribio. Baadaye walipima za nchi kumi, Tanzania ikiwamo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, hasa akili zao. Puli ikivunjika mtu ataniletea vipande. Mtoto aliyekula risasi miaka mitatu, mama yake hatajua amlete kwa nani. Nimepoteza wateja wa sufuria na sitarudi nyuma.

Mzee wa mawese alinisikiliza nikimweleza habari za pete, akauliza swali ambalo sikulitegemea. “Sasa hicho chuma kidogo kinachovunja puli, kwenye mafuta yangu je? Mapipa yangu yana kutu.” Nilimwambia ninachokijua: chuma kidogo sana, na shaba kidogo zaidi ya hapo, huharakisha mafuta kuungana na hewa, na hivyo mawese huchacha kabla ya wakati wake. Bushi za shaba zinazosagika kwenye mashine zina madhara kuliko kutu ya pipa. Viwanda vikubwa huondoa metali hizo kwa kutia tindikali ya sitriki au ya fosforiki inayozishika, kisha mafuta hupitishwa kwenye udongo maalumu unaozinyonya pamoja na rangi. Kwa mtu wa kijijini ni afadhali ndoo na madumu ya plastiki ya chakula, na bushi zikaguliwe kabla hazijaanza kuacha unga unaong’aa kwenye grisi.

Puli ya pili nilimsubia bila malipo, kwa alumini iliyopita kwenye mteremko. Kabla ya kumimina kalibu yake nilimimina fimbo ya unene wa kidole, kama ninavyofanya sasa kwa kila mtungi. Ikipoa naibana kwenye jiriwa na kuigonga kwa nyundo. Ile ya mtungi wa kwanza, ambayo niliisubia baadaye kutokana na vipande vya puli iliyovunjika, ilikatika kwa pigo moja kama kigae. Ya pili nilimpa mzee mwenyewe nyundo. Aligonga mara tatu. Fimbo ikajikunja kidogo, ikaanza kuchanika upande wa juu, na kwa pigo la nne ikaachana, uso wake ukiwa wa kijivu na wenye chembe ndogo. Aliuliza kama anaweza kwenda na kile kipande, nikamwachia. Pete za pistoni ninazitunga kwenye waya nyuma ya mlango, na zikifika kilo tano zinakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.